Shimo Mbele ya Jukwaa

Siku mliponiandalia chai ya kuniaga, kijana mmoja wa ofisi aliniuliza ni picha gani iliyonishinda kupiga katika miaka yangu yote ya kazi. Nilikuwa na andazi mdomoni, nikajibu "mvua," watu wakacheka, tukaendelea kunywa chai. Nilipofika nyumbani niliona nimemdanganya. Mvua ya Eldoret nimeipiga picha mara nyingi, hata nilipokuwa sitaki. Picha iliyonishinda ilitakiwa kupigwa kutoka ndani ya shimo, na shimo lenyewe tulilichimba kwa mikono yetu. Naandika habari zake mzisome kwa wakati wenu. Vyeo na mishahara sitavigusa, kwa sababu kila cheo nilichopewa kilinikuta nimekwisha kuifanya kazi yake kwa miaka kadhaa, na sikuona kipya cha kusimulia.

Niliajiriwa kama taipisti, miaka ya mwanzo ya utawala wa rais wa pili, katika ofisi iliyokuwa ikizungusha sinema vijijini na kupiga filamu za mikutano. Siku ya kwanza nilikuta taipureta haina utepe. Bosi wetu, mtu mpole aliyekubali kila alichoambiwa na mtu wa mwisho kuzungumza naye, akaniambia nikamsaidie Mzee Barasa kwenye stoo ya filamu mpaka utepe ufike. Ulipofika nilikuwa nimesahau herufi zinakaa wapi. Msaidizi wa Mzee Barasa alikuwa amepata nafasi ya chuo Amerika kwa ajili ya mbio, kama walivyokuwa wakipata vijana wengi wa kwetu, na aliondoka kwa haraka hata koti lake likabaki kwenye msumari. Nililivaa. Hivyo ndivyo mwanamke wa Sugoi alivyoingia kazi ya sinema.

Mzee Barasa alikuwa mtu wa upande wa Bungoma, mrefu, mkavu wa maneno. Alipokuwa kijana alichukuliwa kwenda kupigana na Waitaliano kule Ethiopia, halafu akawekwa kulinda mateka wao. Alisema kazi ya kulinda mateka ilimfundisha kusubiri, na kwamba projekta ni kama mateka wa Kiitaliano: ukiipigia kelele inakwama, ukiiacha bila kuiangalia inachoma kitu.

Alinifundisha kunawa mikono kabla ya kugusa filamu, na kuishika kwa kingo zake tu. Alinifundisha kufuta kile kidirisha ambacho filamu hupita mbele ya taa, kwa sababu unywele mmoja ukibaki pale, kwenye skrini utakuwa kamba, na watu wote watatazama kamba badala ya mafunzo ya mahindi. Alinifundisha kuiacha filamu ilegee kidogo juu na chini ya kidirisha, ili isikatike. Balbu iliyotoka kuzimwa haiguswi. Hilo la balbu nilijifundisha mwenyewe, na alama ninayo kwenye kidole.

Jambo ambalo ninyi hamkulikuta ni la maikrofoni. Filamu nyingi zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo tulizima sauti, na Mzee Barasa akasimama kando ya gari na kueleza yeye mwenyewe kinachoendelea. Ilikuwa nusu ya kazi, na pengine nusu kubwa. Siku moja katika mji mdogo uitwao Ziwa, baada ya soko, tulionyesha filamu ya usafi wa maziwa kutoka nchi za nje. Ng'ombe alikuwa akikamuliwa na mashine. Wamama wakaanza kunung'unika, wanataka kujua ndama yuko wapi, maana ng'ombe gani anatoa maziwa bila kumwona ndama wake? Filamu haikuwa na ndama. Mzee Barasa akasema kwenye maikrofoni, bila kubadilisha sauti, kwamba ndama ameshiba, amelala nyuma ya nyumba, na mwenye ng'ombe ameweka mashine kwa sababu ameitwa kwenye baraza la chifu. Watu wakatulia. Njiani nilimwambia kwamba ametia chumvi. Akasema watu hawaoni sinema peke yake, wanaona pia kile ulichowaambia, na kwamba hilo linafaa kumtisha mtu yeyote mwenye maikrofoni.

Sasa nifike kwa Ulrich. Huyu alikuwa Mjerumani kijana, mwalimu wa michezo, aliyekuja kufundisha wakimbiaji wa sehemu zetu. Ukweli ni kwamba walimfundisha yeye, na hakukataa. Siku moja alikuja ofisini na makopo ya filamu aliyoletewa kutoka kwao. Alisema ni filamu ya mashindano makubwa ya dunia yaliyofanyika Berlin kabla ya vita, enzi za yule mtawala wao mwenye masharubu madogo, na angependa wakimbiaji waione. Mzee Barasa alipochunguza rili ya kwanza kwa kuiinua kwenye mwanga wa dirisha, alimwuliza ni nani aliyepiga. Ulrich akasita kidogo, akasema ni mwanamke.

Hapo nikasimama. Katika miaka yangu yote pale nilikuwa sijasikia habari za mwanamke mwenye kazi kama yangu, sembuse mwanamke aliyeamuru kikosi kizima cha wapiga picha wanaume. Nilifurahi, na sitaficha kwamba nilifurahi. Nilitaka kujua jina lake, alivaa nini kazini, na kama wanaume walimsikiliza mara ya kwanza au ilibidi arudie.

Filamu ile tuliionyesha Ainabkoi, kwenye ukumbi wa kulia wa shule, kwa kuwa nje kulikuwa na baridi ya kupasua midomo. Walikuja wakimbiaji, na wazee wa viazi, na wamama waliofunga biashara zao mapema. Nimeonyesha sinema nyingi na sijawahi kuona watu wakikaa kimya vile. Yule mama aliyeipiga alijua kazi. Mkimbiaji aliyechoka ulimwona amechoka mpaka miguu yako ikauma. Warukaji walipita juu ya kichwa chako na nyuma yao hakukuwa na kitu isipokuwa mawingu. Mmarekani mmoja mweusi alipowaacha Wazungu nyuma, ukumbi mzima ulisimama, na Mzee Barasa akaacha kueleza, maana hakukuwa na haja.

Wakimbiaji wetu walikuwa na maoni yao. Mmoja alisema wale wa mbio ndefu wanakimbia kama watu waliobeba maziwa na hawataki yamwagike. Mzee mmoja wa viazi aliuliza mshindi alipewa ng'ombe wangapi. Ulrich akaeleza kwamba, pamoja na medali, mshindi alipewa mche wa mti kwenye kopo. Swali likafuata kama ni mti wa mbao au wa matunda. Si wa matunda, alisema Ulrich. Yule mzee akatikisa kichwa, akasema basi Wajerumani ni watu wagumu.

Kisha tukabaki kukunja nyaya, na Ulrich akatuambia mambo yaliyobaki. Alisema filamu ile ni nzuri na uzuri wake ndio unaomsumbua. Mama yule alikuwa amempigia yule mtawala na wakubwa wenzake filamu nyingine kabla ya hiyo, za mikutano ya chama chao, bendera na maandamano, na ndani yake mtawala anaonekana kama mtu aliyeshuka kutoka juu. Wakubwa haohao wakaja kuua watu kwa mamilioni. Vita vilipokwisha aliulizwa, akajibu kwamba yeye alikuwa anapiga picha tu, hakujua kitu. Mpaka leo yuko hai, alisema Ulrich, na mpaka leo anajibu hivyo.

Nilimtetea. Nilisema huenda kweli hakujua, mwanamke kazini haambiwi kila kitu, hata mimi bosi haniambii safari mpaka gari limewashwa. Mzee Barasa alikuwa akifunga jenereta. Aliniambia, "Mama, mtu akijua kuweka kamera mahali mkubwa ataonekana mkubwa zaidi, huyo anajua." Sikukubali. Nilimkasirikia njia nzima hadi mjini.

Makosa yetu yalianza wiki iliyofuata. Katibu wa tawi moja la chama, ambaye jina lake nitaliacha alikoliacha mwenyewe, alisikia habari za sinema ya Wajerumani akaamuru aonyeshwe. Chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo katibu wa chama alikuwa katibu wa kila kitu, pamoja na makopo ya filamu. Tulimwonyesha mchana ofisini. Mbio hazikumgusa. Alichokipenda ni pale mwanzo, gwaride la mataifa, na yule mtawala jukwaani akiinua mkono. Na alipoona wale warukaji wakipaa mawinguni alisogea hadi ukingoni mwa kiti, akauliza picha kama hiyo inapigwaje. Ulrich, aliyekuwapo kwa bahati mbaya, akamjibu kama mwalimu anavyojibu: wapiga picha walichimba mashimo uwanjani wakaingia ndani na kamera, wakapiga kutoka chini.

Katibu akasimama. Alisema hiyo ndiyo picha tunayoitaka. Mkutano mkubwa wa hadhara ulikuwa unakuja, mgeni rasmi anatoka Nairobi, na yeye katibu ndiye atakayemkaribisha. Tuchimbe shimo mbele ya jukwaa tupige kutoka chini, mgeni na mwenyeji wake waonekane wakiwa na mawingu nyuma ya vichwa. Bosi wetu akakubali. Ulrich alijaribu kusema kwamba pengine huo si mfano mzuri wa kuiga, katibu akamshukuru kwa mchango wake, na siku chache baadaye Ulrich akasafiri na wakimbiaji wake na hakuwapo kwa yaliyofuata.

Sasa mkumbuke ni wakati gani. Lile jaribio la kupindua serikali lilikuwa bado bichi. Watu walikuwa wakishukiwa kwa kukaa watatu kwenye meza moja. Ninyi mkisoma hapa mtasema, mama, hamkufikiri? Tulifikiri sana. Tulifikiri juu ya mwanga, na jua litakuwa upande gani saa ya hotuba, na urefu wa kamera ikiwa juu ya miguu yake mitatu. Ndiyo hatari ya kazi hii. Ukishaanza kufikiria picha, hufikirii kitu kingine.

Tulichimba siku mbili kabla ya mkutano, mimi na Mzee Barasa tukipokezana jembe na koleo. Lilikuwa shimo zuri. Tulilinyoosha kingo, tukaweka ubao chini ili kamera isizame kwenye matope, tukavuta waya wa betri kutoka upande wa jukwaa tukauacha umejikunja ndani, tayari. Halafu, kwa kuwa ng'ombe hupita pale na watoto hucheza, tulilifunika kwa mabati, juu ya mabati tukaweka magunia, na juu ya magunia tukatandaza nyasi ili uwanja usionekane mbaya. Tulirudi nyumbani tukiwa tumeridhika kabisa.

Asubuhi yake watu wa usalama walikuja kukagua uwanja, na mmoja wao akatumbukia.

Niwaandikie walichokiona, maana nilionyeshwa baadaye kwenye ripoti: shimo jipya, lililofichwa kwa ustadi, hatua chache kutoka kwenye kiti cha mgeni rasmi, na ndani yake waya. Sijui mimi ningefikiri nini kama ningekuwa yule aliyetumbukia. Kabla sijamaliza chai ya asubuhi nilikuwa kwenye stesheni ya polisi, na Mzee Barasa alikuwa ameshafika, ameketi kwenye benchi bila viatu wala mkanda. Tulikuwa hatujawahi kufundishwa namna ya kusalimiana mahali kama pale, kwa hiyo alinisalimia kama kawaida, akaniuliza kama watoto wameamka salama.

Bosi wetu alikuwa mgonjwa siku hiyo. Katibu aliitwa, akaja na gari, akasema hajui habari za shimo lolote, hajawahi kuona filamu yoyote ya Wajerumani, na kwamba chama hakina uhusiano na uchimbaji. Alisema hivyo mbele yetu, akituangalia kama anavyoangalia ukuta. Niliogopa. Nilikuwa nimewahi kusikia habari za watu waliopelekwa Nairobi kwa maswali na kurudi hawawezi kupanda ngazi, na wengine wasiorudi. Mzee Barasa alikuwa mtu wa kustaafu mwaka ule. Nilimwangalia miguu yake mitupu kwenye sakafu ya saruji na nikaona kwamba ndiye atakayebebeshwa mzigo huu, kwa kuwa alikuwa mwanajeshi zamani, na mwanajeshi na shimo na waya ni ripoti ambayo tayari imejiandika.

OCS, yaani mkuu wa stesheni, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye shimo kwenye uwanja wake na mgeni anayekuja kesho. Aliniita peke yangu ofisini, akanipa kiti, akanisukumia karatasi. Statement yangu ilikuwa imekwisha kuandikwa. Ilisema kwamba kazi yangu ni kupiga picha tu, kwamba sikujua shimo lilikuwa la nini, na kwamba mambo yote yaliyobaki aulizwe Barasa. Ilibaki sahihi.

"Mama, wewe uko na watoto," akaniambia. "Weka sign hapa uende nyumbani ukawapikie. Mzee atajieleza mwenyewe."

Nilichukua kalamu. Hilo niliandike pia, kwamba niliichukua. Nilisoma tena: kazi yangu ni kupiga picha tu, sikujua. Nilimwona yule mama Mjerumani, ambaye sikuwahi kumwona, ameketi kwenye kiti kama changu mbele ya meza kama ile, na karatasi nzuri ya kumpeleka nyumbani. Nilikuwa nimemtetea Ainabkoi kwa moyo wote. Nilitamani sana kwenda nyumbani. Na nilijua kwamba nikiweka sahihi, Mzee Barasa hatatoka pale, na mimi nitakuwa nikieleza maisha yangu yote kwamba sikujua.

"Afande," nikasema, "siwezi sign hii. Mimi nilijua. Nilichimba hiyo shimo na mikono yangu, nusu yake ni mimi. Na mwenye kutuambia tuchimbe ni katibu."

OCS alinitazama. "Nusu gani?"

"Ile ya upande wa jukwaa."

Aliweka kichwa mikononi. Nadhani alikuwa ametegemea siku iwe fupi. Aliniambia kwamba basi na mimi nitalala ndani, na kwamba kumtaja katibu bila ushahidi ni kosa lingine kabisa, akaniongoza kurudi kwenye benchi. Nililia kidogo, bila sauti. Nilimwambia Mzee Barasa nilichokifanya. Hakusema asante wala hakunilaumu. Alimwita OCS kwa heshima zote, akamwomba jambo moja: kabla hajatuandika kwenye kitabu cha wahaini, aitazame filamu yenyewe, maana gari la sinema liko hapo nje, limekamatwa pamoja nasi, na makopo ya Ulrich yamo ndani. Aone kama shimo ni la bomu au la kamera. Na kama inawezekana, katibu naye akae aone, kwa kuwa hajawahi kuiona.

Askari walifunika madirisha kwa blanketi za stesheni. Nilivisha filamu kwenye projekta, nikaiacha ilegee juu na chini kama nilivyofundishwa. Katibu aliketi mbele, mkono kwenye kidevu, akijitia hamnazo. Hatukuhitaji maikrofoni katika chumba kidogo vile, lakini Mzee Barasa aliomba achukue ile ya gari, nami nikamwunganishia. Alisimama miguu mitupu kando ya ukuta akaanza kueleza, kwa sauti ileile ya Ziwa.

Alieleza gwaride. Alieleza mbio. Walipofika warukaji, mmoja akapaa, mawingu nyuma yake, na askari wote wakavuta pumzi.

"Mnaona huyu," akasema Mzee Barasa. "Kamera iko chini kwa shimo, kama ile yetu. Hakuna bomu, ni kamera. Sasa mimi ni mzee, nimeonyesha sinema tangu mkoloni, sijawahi kufikiria kitu kama hiyo. Huyu mama hapa hajafikiria. Bosi yetu hawezi fikiria. Yule aliona hii picha akasema tuchimbe, huyo ni mtu wa akili ingine. Kenya nzima sijaona wawili."

Mrukaji mwingine akapaa. OCS akasema gizani kwamba kusema haki, hiyo ni akili.

"Mgeni akionyeshwa picha yake namna hii," Mzee Barasa akaendelea, "ataulizia jina. Atasema, niletee huyo mtu aliyefikiria. Mimi nitamwambia nini? Sina jina ya kumpatia. Itabidi nimwambie ni afande hapa, kwa sababu filamu tumeona kwake."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya projekta nikimwona katibu kwa mwanga unaorudi kutoka ukutani. Alibadilisha mguu. Akarekebisha tai. Kilemba cha ukoka kilikuwa kinavishwa kichwa kingine mbele ya macho yake, na hilo hakuweza kulistahimili.

Akakohoa. "Afande, hiyo idea," akasema, "kusema ukweli, ni yangu."

Mrukaji alishuka, filamu ikaendelea. Nilitaka kucheka nikaogopa, nikataka kulia tena nikaona aibu, kwa hiyo nikaangalia balbu. OCS alimwomba katibu arudie, ili akili kama hiyo iandikwe vizuri, na katibu akarudia, tena kwa kirefu, na askari mmoja akaandika. Ikawa shimo limeamriwa na chama, na shimo lililoamriwa na chama halikuwa kosa la mtu yeyote. Mzee Barasa alirudishiwa viatu.

Niwamalizie habari za mkutano hapahapa nisije nikazisahau. Ulifanyika. Tulipiga picha tukiwa tumesimama wima kama watu wengine, kwa amri ya watu wa usalama, na katibu alipoona filamu yake alilalamika kwamba anaonekana mfupi. Ni mfupi. Mgeni rasmi hakuulizia jina la mtu. Mzee Barasa alistaafu mwaka ule, kama ilivyopangwa, akarudi kwao kufuga nyuki, na nilikuwa nikimtembelea kila Desemba mpaka alipofariki.

Lakini siku ile ya stesheni, katibu alipokwisha kuondoka na gari lake na askari wakiwa wanashusha blanketi, OCS aliniita tena mezani. Ile karatasi yangu ilikuwa bado pale, na kalamu juu yake. Alikuwa ameipenda filamu, hilo lilionekana, na alitaka kujua ni nani aliyeipiga. Nilimwambia ni mwanamke, Mjerumani. Akashangaa. Akauliza wakubwa wale waliposhindwa vita, yeye alifanywa nini.

"Hakuna kitu, Afande. Alisema alikuwa anapiga picha tu, hakujua."

"Na watu walimwamini?"

"Wale waliotaka."

OCS aliichukua ile karatasi isiyo na sahihi. Halafu akaichana, akatuambia twende tukafukie shimo letu.